Pikipiki Iliyosimama Mteremkoni

Walipokuja kuniambia kwamba Farijala amekufa nilikuwa nimekaa barazani nachambua maharage, na niliendelea kuchambua. Aliyeleta habari ni mjukuu wake, kijana mpole mwenye kucha nyeusi kwa mafuta ya gari kama babu yake. Alinipa shikamoo, akaketi kwenye ngazi, akanieleza kwamba maziko ni baada ya adhuhuri, na kwamba wazee wa mtaa wanaomba niseme maneno mawili siku ya khitma, kwa sababu katika Arusha nzima nimebaki mimi tu niliyemwona babu yake alipoanza kushika injini hapa. "Wanasema bibi ulifanya naye kazi nyumba moja," akasema. Nikamjibu kwamba ni kweli. "Na kwamba mlielewana sana." Hapo nikaacha maharage. Nilitaka kumuuliza ni mpumbavu gani aliyesema hivyo, lakini mtoto wa watu alikuwa amefiwa, nikamwambia aende tu, nitafikiria. Sikwenda kusema neno. Nilipeleka wali kama jirani yeyote, nikarudi nyumbani nikafunga mlango. Kwa zaidi ya miaka arobaini nimeishi mitaa miwili kutoka kwa mtu yule, na sijampenda hata siku moja, wala kifo chake hakijanilainisha. Wanaotaka kumsifu wamsifu. Mimi nitaandika mwaka mmoja tu, mwaka ninaoujua.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vile vita vya Wajerumani na Waingereza. Nilikuwa na miaka kama kumi na tisa, mpishi katika nyumba ya Mjerumani mmoja iliyokuwa juu kidogo ya mji, upande wa mlimani. Tulimwita Bwana Miwani. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kuanzia Ngaramtoni mpaka ng'ambo ya Maji ya Chai akiandika ng'ombe na nafaka za kulisha askari, na alizunguka kwa pikipiki, kitu ambacho watoto walikikimbilia na ng'ombe walikikimbia. Nyumba yenyewe ilikuwa na chumba cha kulia chenye meza nyeusi na pembe za swala ukutani, na ndani mlinuka buti zilizoloa. Unga wa ngano ulikuwa unakwenda kwa askari, kwa hiyo Bwana Miwani alikula mkate wa mahindi uliovunjika ukiushika, na kila asubuhi aliutazama kana kwamba mimi ndiye niliyeanzisha vita. Sisi wa jikoni tulikula vizuri kuliko yeye: ndizi zilizopondwa na maharage, na juu yake maziwa mgando aliyoyaleta Mama Kaanaeli, mwanamke wa Kimeru niliyefanya naye kazi, kwa kibuyu kutoka kwao. Jiko lilikuwa kibanda cha nyuma chenye moshi wa kutoa machozi, na mpaka leo nikisikia harufu ya ndizi zinazoungua chini ya chungu namwona yule mama amejiinamia, mtoto mgongoni, akipuliza moto.

Mama Kaanaeli hakuletwa pale kupika chakula. Meli zilikuwa haziji tena, mafuta ya injini ya Ulaya yalikuwa yamekwisha, na mtu fulani alimwambia Bwana Miwani kwamba mafuta ya mbarika yanaweza kufanya kazi ileile. Mbarika ilijiotea yenyewe kila kona, na wanawake wa Kimeru walijua kuipika tangu zamani kwa ajili ya kulainishia ngozi. Akatafutwa mmoja anayejua, akaletwa yeye, na nikaambiwa nimsaidie. Tulikaanga mbegu, tukazitwanga kinuni, tukazichemsha na maji mpaka mafuta yakaelea, tukayaengua na kuyachemsha tena peke yake ili maji yote yatoke. Alinifundisha kipimo chake: unadondosha tone moja juu ya kaa la moto, likilia, bado lina maji, rudisha motoni, likiwaka kimya, yameiva. Baada ya hapo tuliyachuja mara mbili kwa kitambaa. Alikuwa na mwiko mmoja tu, kwamba mbele ya chungu cha mafuta watu wasigombane. Ukianza kumsengenya mtu alinyoosha mwiko wa kusongea kuelekea mlangoni, utoke nje ukamalizie huko. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini mwiko ule wa kusongea kila mtu aliuelewa.

Kupima mafuta ya pikipiki ile hakukuwa na uchawi, nami niliona jinsi kunavyofanywa kabla hata Farijala hajaajiriwa, maana mwanzoni Bwana Miwani alifanya mwenyewe mbele ya mlango wetu. Chini ya tangi palikuwa na pampu ndogo ya shaba ya kusukumia mafuta yashuke kwenye tumbo la injini. Ubavuni mwa tumbo hilo, upande wa kulia, palikuwa na parafujo ndogo. Unaisimamisha pikipiki wima kwenye stendi yake, mahali palipo sawa, unaiacha itulie ili mafuta yaliyotapakaa juu yateremke. Kisha unafungua parafujo na kusukuma pampu polepole mpaka mafuta yatokeze kwenye tundu na kuanza kudondoka. Hapo unaacha. Unangoja tone la mwisho, unafunga. Yakizidi, injini inatoa moshi na kusongwa. Yakipungua, chuma kinakula chuma. Na katika uwanja ule palikuwa na mahali pamoja tu palipo sawa, jiwe pana la bapa nje ya jikoni, kwa kuwa nyumba za mlimani zote zimekaa kwenye mteremko. Bwana Miwani alilipima kwa kuweka juu yake sahani iliyojaa maji mpaka ukingoni, akaizunguka amechuchumaa, akaona maji hayamwagiki upande wowote. "Hapa tu," alituambia sote, pamoja na kuku. "Hapa tu, siku zote."

Farijala alikuja baadaye kidogo, mtu wa Pangani, kanzu nyeupe na kofia ya mkono, amewahi kufanya kazi kwenye karakana ya reli na hakuacha mtu asahau. Bwana Miwani alimkabidhi pikipiki. Siku ya kwanza alisimama mlangoni kwetu amejiziba pua kwa ncha ya kanzu. "Hivi ndivyo mnavyoishi," akasema. Mama Kaanaeli akampa kiti. Hakukaa. Alimwita mshenzi mbele yake, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anavyosema huyu ni mrefu au huyu ni mfupi, na mimi aliniambia nilikuwa mtoto wa Kiislamu, ni aibu kwangu kula chungu kimoja na watu wale. Siku ya pili au ya tatu alichukua kibuyu kizima cha mafuta, kazi yetu ya siku mbili, mikono yetu bado ina malengelenge ya kinu, akanusa, akasema yana masimbi, yale mashapo ya chini, akayamwaga chini polepole huku ananitazama. Hayakuwa na masimbi. Mama Kaanaeli alinishika mkono kwa sababu aliona ninachotaka kufanya. Nilimchukia hapo hapo, chuki kamili, isiyohitaji sababu nyingine, na sioni haya kuandika hivyo.

Jiwe letu nalo lilimkera. Moshi ulimwingia machoni na kanzu ikashika harufu, na hakutaka kuonekana amechuchumaa mbele ya wanawake wa jikoni. Kwa hiyo, Bwana Miwani alipokuwa ndani na karatasi zake, Farijala alihamishia kazi yake nyuma ya ghala, penye kivuli, kwenye mteremko wa kuelekea kijitoni. Nilikuwa nampelekea mafuta huko. Siku moja nilisimama na kibuyu changu nikaitazama ile pikipiki, nikaona imeinama. Stendi ilikuwa imesimama vizuri, lakini ardhi ilikuwa imeshuka upande wa kulia, upande wa parafujo. Mtu yeyote aliyewahi kuweka chungu juu ya mafiga yasiyolingana anajua kinachotokea: mchuzi unamwagika upande wa chini na chungu bado hakijajaa. Farijala alisukuma pampu mara chache, mafuta yakadondoka, akafunga, akafuta mikono. Aliona tundu linadondosha akaridhika. Nilijua kwamba ndani hayajafika nusu ya yanayotakiwa. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Nikafungua mdomo niseme, naye akaniambia, "Weka hapo uende, usinipumulie." Nikaweka, nikaenda. Njiani nilijiambia kwamba acha ife. Acha iungue siku moja, amwone Bwana Miwani akimgeukia, avuliwe ile kanzu. Mahindi yalikuwa bado yamesimama mashambani wakati huo.

Ubaya ni kwamba kosa lake lilimpa sifa. Nilikuwa natenga chakula siku alipokuja mgeni mmoja, Mjerumani mwenye shamba upande wa Ngaramtoni, na kwa kuwa Farijala alikuwa ameitwa ndani walizungumza Kiswahili ili asikie. Bwana Miwani alimwambia mgeni kwamba mtu huyu ni hodari, tangu amepewa kazi mafuta yanakwenda muda mrefu mara mbili. "Nyumba nyingine wanaiba," akasema, "huyu anatunza." Farijala akainamisha kichwa kwa adabu, akasema, "Ni kujua kazi tu, Bwana." Mgeni akauliza kama mafuta ya wanawake hayana takataka. Farijala akajibu kwamba anayakagua mwenyewe, maana watu wale bila kusimamiwa hawafai. Nilikuwa nimeshika bakuli la supu, na nilitamani kulimimina mahali fulani. Lakini nilifurahi pia, furaha mbaya iliyonikaa tumboni, kwa sababu kila neno la sifa lilikuwa linampandisha juu zaidi, na mimi nilijua ataangukia wapi.

Mahindi yalipovunwa, Bwana Miwani alikwenda Maji ya Chai, na wakati wa kurudi, akipanda kilima, injini ikakwama ghafla. Gurudumu la nyuma likakaza, pikipiki ikamrusha. Waliirudisha kwa kuisukuma, watu wanne, naye nyuma yake juu ya punda, mkono umefungwa kwa shati na kidevu kimechanika. Akafika hivyo uwanjani. Hapo alimwita Farijala na kumuuliza jambo moja tu, kama mafuta yalikuwa yamefika. Farijala alisema yalifika, aliyaona kwa macho yake yakidondoka, na nadhani aliamini anachosema. Kisha akasema neno ambalo sikulitegemea. Alisema mafuta yenyewe ndiyo mabaya. Alisema yule Mmeru anayaongeza maji na uji wa ndizi ili apate ya kupeleka kwao, na kwamba ameshawahi kumwaga kibuyu kizima kwa sababu hiyo, na mimi ni shahidi kwamba alikimwaga. Bwana Miwani akanigeukia. "Alimwaga?" Nikasema, "Ndiyo, Bwana, alimwaga, lakini," na lile lakini halikusikilizwa. Alikuwa anaumwa na alitaka mtu wa kumlaumu. Askari wawili walimchukua Mama Kaanaeli kutoka mbele ya chungu chake. Mtoto alikuwa amelala kwenye kikapu pembeni ya jiko. Mama yake aliponinyooshea mkono nikadhani anataka nimpe mtoto, lakini alikuwa anaonyesha chungu, nikiepue kisiungue.

Bomani walimtia mnyororo wa shingoni pamoja na wafungwa wengine, wakamtuma kubeba mawe. Nilikwenda siku ileile na mtoto, kwa kuwa alikuwa ananyonya na hakuwa na miezi mitano. Askari wa langoni alikuwa mtu wa makamo, nadhani na yeye alikuwa na watoto, lakini alisema hana amri. Nilirudi. Nilimpa mtoto maziwa ya ng'ombe kwa ncha ya kitambaa, akayatapika. Siku ya pili alilia mpaka sauti ikakatika, akawa anafungua mdomo tu. Nilizunguka naye jikoni, nikimwimbia nyimbo zisizo zake, na wakati wote nilikuwa nahesabu kichwani: nikisema kwamba pikipiki ilikuwa imeinama, Bwana Miwani ataniuliza nimejuaje, nikisema nimeona, ataniuliza nimeona lini. Niliogopa mnyororo uleule. Nataka niseme pia kwamba hata wakati huo sehemu ya hofu yangu ilikuwa hasira, kwamba Farijala ameponyoka. Siku ya tatu nilimshika mtoto mguu nikaona ngozi imelegea kama ya mzee. Nilimfunga mgongoni, nikaingia chumba cha kulia bila kuitwa.

Bwana Miwani alikuwa mezani, mkono kwenye kitambaa, akijaribu kukata mkate kwa mkono mmoja. Nilimwambia, "Bwana, mafuta ni mazima. Njoo uone." Sijui kwa nini alinifuata, labda kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia njoo. Kwanza nilidondosha mafuta ya Mama Kaanaeli juu ya kaa la moto, yakawaka bila kulia. Kisha nikaomba pikipiki ipelekwe nyuma ya ghala, mahali Farijala anapoiweka. Farijala alikuja mbio akisema mwanamke hana la kujua hapa, akaambiwa anyamaze. Walimwaga mafuta yote yaliyobaki ndani, nikafungua parafujo, nikasukuma pampu mpaka yakadondoka. Nikafunga. "Yamefika?" nikamuuliza Farijala. Akasema yamefika. "Sasa ipelekeni juu ya jiwe." Wanaume wanne waliibeba, wakaisimamisha wima. Nikafungua tundu. Hakuna kilichotoka. Nikasukuma, na kila nilivyosukuma nilimtazama Farijala usoni, mpaka mafuta yalipotokeza, na nilikuwa nimesukuma mara kumi na moja. Bwana Miwani alichungulia tundu, akatazama mteremko nyuma ya ghala, akatazama jiwe. Aliuliza nani aliihamisha. Wote walimtazama Farijala. Hakuniuliza nimejuaje. Mimi kwake sikuwa mtu wa kuulizwa.

Mama Kaanaeli alitoka siku ileile, shingo imechubuka, na Farijala akapelekwa alikotoka yeye, akapigwa viboko ishirini na vitano, ile hamsa ishirini ambayo kila mtu wa wakati wetu anaijua. Nilikwenda kusimama nje ya ukuta kusikiliza. Nimesema nitaandika ninachokijua: nilikwenda kwa miguu yangu, nikasikiliza mpaka mwisho, na nilifurahi mpaka kama cha kumi na tano, halafu furaha ikaisha na viboko vikaendelea. Niliporudi, Mama Kaanaeli alikuwa ameketi jikoni ananyonyesha. Aliniita, akanishika mikono yote miwili, akanitemea mate viganjani, namna wazee wa kwao wanavyombariki mtoto. "Wewe mwanangu," akasema kwa Kiswahili chake. "Wewe umeona, wewe umesema." Nikapokea. Mikono ilikuwa imelowa baraka, na nikaipokea.

Fundi wa Kihindi kutoka Moshi aliifungua injini, akailainisha, ikafanya kazi tena. Bwana Miwani akaamuru kwamba kila asubuhi tupime wawili, mimi na Farijala, juu ya jiwe. Mgongo wake ulikuwa haujapona na hakuweza kuinama, kwa hiyo yeye alisukuma pampu amesimama, na mimi nilichuchumaa kutazama tundu. "Bado," nilikuwa nasema. "Bado. Bado. Basi." Kwa siku nyingi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote. Asubuhi moja akauliza, macho yake kwenye pampu, "Ulijua tangu lini?" Ningeweza kumdanganya. Lakini nilitaka ajue jinsi nilivyomchukia, nikamwambia, "Mahindi yalikuwa hayajavunwa." Akaendelea kusukuma, akihesabu. "Na mama yule alipofungwa, ulikuwa unajua." Nikasema nilikuwa najua. "Siku tatu." Nikasema, "Siku tatu." Mafuta yalikuwa yanamwagika kwenye jiwe, nimesahau kusema basi. "Funga," akasema. Nikafunga.

Nilingoja amwambie Bwana Miwani. Nilijitayarisha, nilikuwa na matusi yangu tayari. Hakumwambia. Nilingoja amwambie Mama Kaanaeli, ambaye kila alipokwenda kwao alinirudia na kibuyu cha maziwa kwa ajili yangu peke yangu. Hakumwambia. Waingereza waliingia, Bwana Miwani akakimbia, pikipiki ikatelekezwa bila tone la mafuta. Farijala akafungua karakana mjini, akaoa, akapata jina, na habari ya msichana aliyemwokoa mama wa Kimeru ikaenea mtaani, nami nikaheshimiwa kwayo, nikaposwa kwayo. Alikuwepo watu walipoisimulia, na mgongo wake chini ya kanzu, akatingisha kichwa kukubali. Mama Kaanaeli alikufa ameshanizeesha kwa kuniita "mwanangu". Kila tulipokutana njiani Farijala alisema, "Habari za asubuhi, Bi Zaina," wala hakuongeza neno, na kila mara nilimkasirikia upya kwa kutosema. Angesema mara moja tu, ningemwita mwongo, na pengine watu wangeniamini, na ingekwisha. Nilimnyamazia hadi akapigwa, na mama wa watu akatiwa mnyororo. Alininyamazia hadi akafa, na sikupata dhara lolote. Hilo ndilo sijamsamehe.